Mtihani Mkubwa Unakuja na Runinga Bado Inawaka: Mwongozo Kamili wa Kugawa Muda

Jumamosi moja, wiki tisa kabla ya mtihani wangu mkubwa, niliketi mbele ya runinga na kitabu cha kemia mapajani. Nilikuwa nimejiwekea sharti: natazama kipindi cha kwanza cha mechi tu, halafu nasoma. Mapumziko yalipofika nikasoma aya moja, macho yakarudi kwa wachambuzi. Kipindi cha pili kikaanza. Mechi ikaisha, wachambuzi wakarudi, ikafuata mechi nyingine ya timu ambazo hata sizishabikii. Saa tano usiku nilipofunga kitabu, kilikuwa kwenye ukurasa uleule wa saa kumi na mbili jioni. Na ungeniuliza bao la pili lilifungwaje nisingekujibu, maana lilipofungwa nilikuwa nimeinamia kitabu nikijidanganya kwamba nasoma.

Jioni nzima imekwenda, sikusoma na sikutazama. Hilo ndilo lililoniuma, kuliko saa zenyewe.

Wakubwa wana methali yao tayari kwa hali kama hii: mshika mbili moja humponyoka. Kwa habari ya kitabu cha mapajani, wako sahihi kabisa. Lakini nimewaona pia wale wanaojiapiza kutogusa rimoti mpaka mtihani uishe. Wiki ya kwanza wanajisifu. Wiki ya pili wanatazama kwa kuibia, simu ikiwa chini ya shuka, na kitu cha kuibia hakina ratiba, hakina saa ya kuanza wala ya kuzima. Miezi mitatu ni mirefu. Kinachofaa ni kuipa runinga nafasi yenye mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Mlango wa kutokea ndio wenye kazi, na ndio nitakaokalia zaidi hapa.

Hatua ya 1: Siku saba za kuandika tu

Usianze kwa ratiba. Ratiba iliyoandikwa kabla ya kujua muda wako unakwenda wapi ni ndoto iliyochorewa mistari. Chukua karatasi, ikunje iingie mfukoni, na kwa siku saba andika kila unapowasha skrini na kila unapozima. Runinga, simu, kompyuta, vyote. Usipunguze chochote wiki hii. Ukijibana, utajihesabia uongo.

Kwenye kila mstari weka alama moja. Tiki kama ulikaa kutazama kitu ulichokuwa umekikusudia. Msalaba kama kilikukuta tu: ulipita sebuleni ukasimama, ulifungua simu kujibu ujumbe ukajikuta kwenye video ya kumi na nne.

Hesabu kila kitu, si kipindi chenyewe pekee. Mechi ya mpira ni dakika 90 za kucheza na 15 za mapumziko, jumla 105, ongeza dakika za nyongeza unakaribia saa mbili. Lakini karatasi yako itaonyesha karibu saa nne, kwa sababu uliwasha mapema kusikiliza utabiri na ukabaki kusikiliza lawama. Tamthilia ya sehemu 10 zenye dakika 50 kila moja ni dakika 500, yaani saa 8 na dakika 20. Huo ni usingizi wa usiku mzima. Na kuna muda ambao hakuna anayeuhesabu: ule wa kutafuta cha kutazama.

Mwisho wa wiki jumlisha tiki peke yake na misalaba peke yake. Wengi hushangaa misalaba ilivyo mizito. Hapo ndipo pa kukata kwanza, kwa sababu hakuna anayeikumbuka misalaba yake kwa furaha. Tiki ziache kwanza.

Hatua ya 2: Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya mtihani

Wiki moja ina saa 168, kwa kila mtu. Tuseme unalala saa 8 kila usiku: hizo ni 56, zinabaki 112. Masomo ya darasani na safari za kwenda na kurudi zichukue 50, zinabaki 62. Kuoga, kula na kazi za nyumbani, saa 3 kwa siku, ni 21. Mkononi una saa 41.

Sasa upande wa pili. Tuseme zimebaki wiki 12. Ya mwisho iweke kando kwa marudio mepesi, unabaki na 11. Ukisoma kwa faragha saa 15 kwa wiki, unapata saa 165. Orodhesha mada zote za masomo yako kutoka kwenye muhtasari. Zikiwa 54 na kila moja ukaipa saa 2, umetumia 108. Zinabaki 57 kwa mitihani ya miaka iliyopita na kurudia ulipoteleza.

Kutoka kwenye zile 41 ondoa 15. Umebaki na saa 26 kwa wiki ambazo si za kusoma, si za kulala, si za darasani.

Nilipofanya hesabu hii mara ya kwanza niliirudia, nikidhani nimekosea kutoa. Muda wa kupumzika upo. Kama unafanya kazi na unasomea mtihani jioni, namba zako zitabana zaidi, pengine ubaki na saa 10 au pungufu, lakini hesabu ni ileile na ni bora kuijua kuliko kuiogopa. Mtu hujikuna ajipatapo: usiandike saa 40 za kusoma kwa wiki kwa sababu jirani anasema anasoma 40.

Hatua ya 3: Chagua utakachotazama kabla wiki haijaanza

Jumapili jioni, kaa na ratiba ya vipindi na uchague. Andika kwa jina: mechi ya Jumatano, tamthilia ya Ijumaa sehemu moja, filamu ya Jumamosi. Kisichoandikwa hakitazamwi wiki hiyo. Ukiandika "runinga saa 2" tu, utawasha kwanza na kuchagua baadaye, na kuchagua huku skrini inawaka ndiko kunakozaa misalaba.

Unapochagua, jiulize swali moja la kila kipindi: kitajizima chenyewe? Mechi hujizima, refa anapuliza filimbi. Taarifa ya habari hujizima. Filamu hujizima. Tamthilia inayoonyeshwa mara moja kwa wiki hujizima, tena inakufukuza mpaka wiki ijayo. Hivi ni vipindi vya kupatana navyo.

Kundi la pili halina filimbi. Video fupi za simu, ukurasa unaoshuka bila kufika chini, tamthilia ambayo sehemu inayofuata inajianzisha yenyewe. Hapa hupambani na uvivu wako tu. Ule ukurasa usio na mwisho ulibuniwa mwaka 2006 na Aza Raskin, mbunifu wa Marekani, ambaye baadaye amejuta hadharani kwa alichokifanya. Kabla ya hapo ulifika mwisho wa ukurasa, ukalazimika kubonyeza ili uendelee, na hiyo sekunde ya kubonyeza ilikuwa nafasi ya kujiuliza kama bado unataka. Wameiondoa. Kazi yako ni kuirudisha.

Kwenye programu ya tamthilia, ingia kwenye mipangilio na uzime kujianzisha kwa sehemu inayofuata. Ni dakika mbili za kazi. Video fupi, nashauri uziondoe kabisa kwenye simu mpaka mtihani uishe. Sijawahi kumwona mtu akizitazama kwa ratiba. Ukihitaji kuzifungua, zifungue kwenye kompyuta, ambako hazina utamu ule.

Kuhusu tamthilia kuna jambo dogo ambalo limenisaidia kuliko ushauri wote niliowahi kupewa. Mwandishi wa tamthilia huikata sehemu mahali pabaya makusudi: mlango unafunguka, hatumwoni aliyeingia, majina yanapanda. Kuzima hapo ni kama kushusha sahani mkono ukiwa njiani kwenda mdomoni. Basi usizime hapo. Zima katikati ya sehemu, palipotulia, watu wanapopika au wanapoendesha gari. Au, kama umeshafika kwenye mlango ule, tazama dakika tano za sehemu inayofuata, umwone aliyeingia, kisha zima. Mara nyingi ni mtu wa posta.

Hatua ya 4: Kipi kitangulie

Kanuni ya jumla: soma kwanza, tazama baadaye. Hujasikia jipya, najua. Sababu yake ni kwamba kusoma kunajua kuisha na runinga haijui. Ukiweka kisichojua kuisha mbele, kinakula kilichoko nyuma yake.

Lakini usitoke darasani au kazini ukaenda moja kwa moja mezani. Pumzika dakika 30 hadi 45 bila skrini yoyote. Oga, kula, fua, tembea, piga soga. Ndipo ukae.

Mechi ya moja kwa moja ndiyo ninayoipa ruhusa ya kuvunja kanuni, kwa kuwa haikusubiri. Mechi ikianza saa moja, soma kabla yake, washa filimbi ya kwanza inapopulizwa na zima ya mwisho inapopulizwa. Utabiri na uchambuzi havimo. Ukishindwa kabisa kuishi bila uchambuzi, utaukuta umeandikwa kesho yake, na utausoma kwa dakika nne.

Mapumziko mafupi ya katikati ya kusoma ni habari nyingine, na hapa watu wengi huharibu bila kujua. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Francesco Cirillo, akiwa mwanafunzi, alianza kujipimia muda kwa kisaa cha jikoni chenye umbo la nyanya: dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika. Njia hiyo imeenea dunia nzima. Kwa hesabu na fizikia mimi hurefusha hadi dakika 45, kwa sababu swali moja gumu linaweza kumeza 20. Urefu chagua mwenyewe. Ila zile dakika za kupumzika zisiwe za skrini. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba ukihama kutoka kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya akili hubaki kwenye ile uliyoiacha. Ukitazama kipande cha tamthilia kwa dakika tano ukarudi kwenye logarithimu, mwili umerudi na akili bado iko kule ikibishana na mama mkwe. Simama, nyoosha mgongo, kunywa maji, chungulia dirishani. Inachosha kwa jinsi inavyoboa, na ndiyo maana unarudi mezani kwa hiari.

Hatua ya 5: Fanya saa ya kusoma iwe saa kweli

Hili ni la kusoma kuliko runinga, lakini ndilo linaloamua kama runinga itakuwa na nafasi. Anayesoma kwa kupitisha macho anahitaji saa tano pale mwenzake anapohitaji mbili, kisha anailaumu tamthilia.

Soma kurasa chache, funga kitabu, chukua karatasi tupu na uandike yote unayokumbuka. Fungua, jisahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Inauma, kwa sababu karatasi inakuonyesha usichokijua. Wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima jambo hili mwaka 2006. Kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu mara nne. Kundi jingine lilisoma mara moja, kisha likajaribu mara tatu kukikumbuka bila kukitazama. Dakika tano baadaye, waliosoma mara nne walikuwa mbele. Wiki moja baadaye mambo yaligeuka: waliojijaribu walikumbuka takriban asilimia 61, waliorudia kusoma takriban 40. Na mtihani wako hauko dakika tano mbele.

Kisha rudia mada ileile baada ya siku moja, baada ya siku tatu, baada ya wiki, baada ya wiki tatu, kila mara kwa muda mfupi zaidi. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, kwamba tunasahau kwa kasi kubwa mwanzoni na polepole baadaye. Marudio ya dakika 10 kesho yanaokoa saa nzima ya mwezi ujao. Saa hiyo iliyookolewa ndiyo filamu yako ya Jumamosi, na utaitazama bila kitabu mapajani.

Hatua ya 6: Rimoti si yako peke yako

Mtihani ni wako, runinga ni ya nyumba nzima. Hutaweza kumzimia baba taarifa ya habari wala mdogo wako katuni, na si haki kujaribu. Unachoweza ni kuomba mapema. Jioni ya kwanza ya ratiba yako, waambie wote mkiwa pamoja, kwa adabu na kwa tarehe: "Mama, mtihani ni wiki 12 zijazo. Kuanzia saa mbili hadi saa nne usiku nitakuwa nasoma chumbani. Naomba sauti ipungue kidogo saa hizo. Ijumaa nitakaa nanyi kutazama." Sentensi ya mwisho usiisahau. Inawaambia kwamba huwasusi, na wao ndio watakaokukumbusha kurudi mezani siku utakayojisahau.

Kama hakuna chumba kingine, kaa ukiwa umeipa skrini mgongo. Sauti peke yake inavuta, ila picha inavuta mara mbili. Ukivaa spika za masikioni, weka mlio usio na maneno; wimbo wenye maneno unagombania nafasi na maneno unayoyasoma. Wengine huhamishia masomo alfajiri, nyumba ikiwa imelala. Inafaa, mradi uwe umelala mapema pia.

Mzazi unayesoma haya: usifungie rimoti kabatini bila makubaliano. Mtoto atakaa mezani saa tatu akikitazama kitabu na kulitazama kabati. Kaa naye, fanyeni ile hesabu ya saa 168 pamoja, akuambie mwenyewe vipindi vyake viwili au vitatu vya wiki. Kisha, saa zake za kusoma, nawe zima.

Hatua ya 7: Siku utakayoteleza

Utateleza. Mimi niliteleza Jumamosi ile na nikateleza tena wiki mbili baadaye, fainali ilipokwenda hadi mikwaju ya penalti. Kabla siku hiyo haijafika, andika mpango wa namna ya "kama… basi…". Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 jinsi mipango ya aina hii inavyosaidia kuliko nia tupu. Mifano yangu: kama mechi ikienda muda wa ziada, basi natazama na filamu ya Jumamosi inafutwa. Kama nimejikuta naperuzi simu mezani, basi simu inakwenda kukaa chumba kingine mpaka kipindi kiishe.

Deni la runinga lilipe kwa runinga. Ukizidisha saa mbili leo, zikate kwenye burudani ya kesho kutwa. Usizikate kwenye usingizi. Hili ndilo kosa nililoliona likiwaangusha watu wengi: anatazama hadi saa tano, dhamiri inamsuta, anasoma hadi saa nane usiku, kesho anasinzia darasani, jioni amechoka mno kusoma, basi anawasha runinga. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anashauriwa kulala saa 8 hadi 10, mtu mzima saa 7 au zaidi. Ni usingizini ubongo unapoyakita uliyosoma mchana. Zima skrini zote kama saa moja kabla ya kulala, na simu ichajiwe mbali na kitanda. Tafuta saa ya kengele ya kawaida ikuamshe.

Wiki mbili za mwisho, na usiku wa mwisho

Zikibaki wiki mbili, acha tamthilia. Hata kwa ratiba. Kitendawili kisichoteguliwa huzunguka kichwani, na kichwa chako sasa kina wapangaji wa kutosha. Baki na vya kujizima: mechi moja, vichekesho vya nusu saa, habari. Saa unazookoa zipeleke kwenye mitihani iliyopita, uifanye kwa kuipima saa, mezani, bila kitabu, kuanzia muda uleule utakaoanza mtihani wenyewe.

Usiku wa kuamkia mtihani, funga vitabu mapema. Watu watakwambia usiwashe runinga kabisa. Mimi naona inategemea unachowasha. Ukikaa kimya chumbani, kichwa kinaanza kuhesabu mada usizozijua. Mimi niliwasha filamu ambayo nilikuwa nimeshaitazama mara tatu. Nilijua nani anakufa, nani anaoa, gari lipi linaanguka. Kalamu mbili, rula na kitambulisho vilikuwa tayari mezani. Saa tatu usiku, filamu ikiwa bado katikati, nikazima, na wala sikuwa na hamu ya kujua inaishaje.